Ijumaa Kumi na Mbili za Kusafisha Jina

Jumatatu, 3 Machi

Karani wa mikopo amenipa daftari hili leo. Ndiyo masharti yao: aliyetangazwa muflisi, akitaka kurudi kukopa, aandike humu matumizi yake yote na kulionyesha dirishani kila Ijumaa. Kurasa za mbele ni zake. Nimeligeuza juu chini nikaanzia nyuma, na huku ni kwangu. Hatafika. Anasoma huku akipuliza kucha zilizopakwa rangi, na mtu mwenye kucha kama zile hana haraka ya kugeuza kurasa.

Mpango wenyewe ungechekesha kama si mimi ninayefanyiwa. Chama cha akiba kimeniandikia mkopo wa laki mbili na arobaini, kisha kikaufungia chenyewe. Sikushika hata noti. Sasa naulipa elfu ishirini kila Ijumaa, Ijumaa kumi na mbili. Yaani nalipa deni la pesa ambayo sijaiona. Nikimaliza bila kukosa, watanipa pesa hiyo pamoja na barua safi yenye muhuri, inayosema mimi ni mtu wa kuaminika. Bila barua hiyo hakuna duka la jumla litakalonipa hata mita moja ya kitambaa kwa mkopo, na bila kitambaa cha mkopo nitashonea watu wengine mpaka nife.

Niandike mara moja nilivyokuwa, nisirudie tena. Nilikuwa na duka la mapazia, cherehani nane, mafundi saba. Hoteli moja ikaagiza mapazia ya madirisha mia mbili. Nikakopa, dada yangu akaweka nyumba yake dhamana, nikakata kitambaa chote kwa wiki tatu. Hoteli ikabadilisha mmiliki, na mmiliki mpya hakutaka mapazia. Madirisha yale yalikuwa marefu kupita ya mtu yeyote mjini, kwa hiyo hata kuuza kwa hasara sikuweza. Mahakama, dalali, mnada. Duka likaenda, nyumba ya dada ikaenda. Mume wangu alikuwa ameshaondoka mapema, yeye na friji.

Ada ya kujiunga na chama ilikuwa elfu arobaini. Nimeipata kwa kuuza mkasi wangu mkubwa wa kukatia, ambao dalali aliuacha akidhani ni chuma chakavu. Aliyeununua nitamwandika kesho, leo sina nguvu naye.

Jumanne, 4 Machi

Mkataji ameniita "Madamu" mara tisa. Nimehesabu.

Alikuwa mkataji wangu miaka sita. Kwenye mnada alinunua cherehani nne, akapanga chumba kile kile, akabadilisha kibao cha nje tu. Mimi sasa ni fundi wake. Amenikalisha cherehani ya tatu, ile yenye mguu mmoja mfupi. Mafundi walinilalamikia juu ya mguu huo miaka miwili nikawaambia cherehani haichezi, wanaocheza ni wao. Inacheza.

Na mkasi wangu anao yeye. Anaukatia mbele yangu, taratibu.

Ijumaa, 7 Machi

Ijumaa ya kwanza, nimelipa. Karani amehema juu ya muhuri kwanza, haa, kama anayefuta miwani, ndipo akagonga. Amepitia matumizi yangu, akaweka ukucha kwenye neno "soda".

"Mama, soda ilikuwa lazima?"

Watu kumi na wawili kwenye foleni walisubiri jibu langu. Nikasema haikuwa lazima.

Jumatano, 12 Machi

Dada, ninayeishi kwake, ameanza vituko. Kila jioni akirudi kazini hospitalini, hata viatu hajavua, ananitupia karatasi mezani. "Nisomee."

Jana ilikuwa barua ya mwenye nyumba, kwamba kodi inapanda. Nilisoma kwa sauti neno kwa neno, yeye amekaa mikono mapajani kama hakimu. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa tarehe." Nikarudia. Ni muuguzi wa miaka ishirini na mbili, anasoma mwandiko wa madaktari, eti barua ya kodi imemshinda. Najua anachofanya. Alikuwa na nyumba yake ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa miaka kumi na moja, leo anapanga vyumba viwili kwa sababu yangu, na anataka kila ongezeko la kodi litoke kwenye mdomo wangu. Kunitukana hajanitukana hata siku moja. Angenitukana ningepumua.

Ijumaa, 14 Machi

Ya pili. Hakuna soda.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza, na imeanza vibaya. Bati la karakana linavuja juu ya meza ya kukatia, ndoo tatu chini, na umeme unakatika kila baada ya nusu saa. Umeme ulipokatika mara ya pili nilikuwa naunga bitana kwenye pazia la mteja wa harusi. Nikaendelea kukanyaga kwa mguu, katika giza la mvua. Mwanga uliporudi nikaona nimeunga bitana upande wa mbele. Mita sita.

Mkataji alikuja akaliinua pazia, akaligeuza huku na huku. Hakupaza sauti. Zamani, alipokosea kukata, mimi nilimvalisha kitambaa kile shingoni akashinda nacho mchana kutwa mbele ya wateja. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau. Alilikunja pazia vizuri, akaniwekea mabegani kama mtandi­o wa bibi harusi, akanirekebishia pindo.

"Madamu, tutalivua saa kumi na moja."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mafundi wote waliinamisha vichwa, na mmoja, yule niliyewahi kumkata mshahara kwa kuchelewa kurudi kutoka mazishini, alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Ningeweza kuondoka. Lakini kesho ni Ijumaa, na mshahara anatoa Ijumaa saa sita. Nilishona na lile pazia shingoni kwa muda wa saa saba nzima, joto kama nini, na wateja waliingia wakatoka. Nataka niandike ukweli hapa kwa kuwa kwingine sitausema: sikujuta nilivyomfanyia. Nilijuta tu kwamba nilimfundisha.

Ijumaa, 21 Machi

Ya tatu. Haa, gonga.

Ijumaa, 28 Machi

Ya nne. Mvua. Viatu vimeachia soli zote mbili kwa pamoja, angalau vinapendana.

Jumapili, 6 Aprili

Chai ya dada ina chumvi. Nilipomwambia alikunywa kikombe chake chote, akasema, "Mbona iko sawa." Baadaye akaniletea sindano na uzi nimtungie, anashona kifungo cha sare yake. Nikamwambia mimi natunga sindano kutwa kwa mshahara, nyumbani nisitungishwe bure. Ilikuwa utani nusu. Akaichukua sindano yake akaenda mlangoni kwenye mwanga, akasimama huko muda mrefu, akilamba uzi na kuchomeka hewani.

Kifungo leo kimefungwa kwa pini.

Ijumaa, 11 Aprili

Ya sita, nusu ya safari; ya tano nililipa, sikuiandika tu huku. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mwalimu mmoja mzee aliyekosa Ijumaa moja kwa sababu ya malaria. Karani amemwanzisha upya kutoka ya kwanza. Mzee akalia palepale dirishani, makamasi na yote. Nilisogea pembeni kidogo asije akanigusa, kama vile kukosa kunaambukiza.

Ijumaa, 18 Aprili

Ya saba, NA YA NANE!

Tumemaliza mapazia ya ukumbi wa mikutano na Mkataji ametoa nyongeza kwa wote, hata kwangu, ingawa yangu alinihesabia kwa sarafu. Nikaenda moja kwa moja dirishani, nikaweka elfu arobaini. Karani akauliza, "Zote?" Nikajibu kwa sauti ili foleni isikie: "Wiki mbili. Mimi si mtu wa kungojwa." Nilikuwa sijaisikia sauti yangu ile tangu mnada. Nimerudi na mvua bila mwavuli na sikulowa, au nililowa sikujali.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo sina pa kwenda. Nimeshona mpaka jioni roho imetulia. Nimenunua soda. Nimeiandika.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika kwa haraka, mwandiko usamehewe.

Nilifika dirishani kulipa ya tisa. Karani alifungua kadi yangu, akaacha kupuliza kucha.

"Mama, wiki ya nane iko tupu."

"Nililipa mbili pamoja. Risiti hii hapa, elfu arobaini."

"Risiti ni ya tarehe kumi na nane. Hiyo ni wiki ya saba. Ziada inaenda mwisho wa mkopo. Tarehe ishirini na tano hukuja."

"Ningekuja kufanya nini na nimeshalipa?"

"Kuja."

Nilidhani anatania. Nikacheka peke yangu.

"Hapa hatupimi kama una pesa, mama," alisema. "Hata wezi wana pesa. Tunapima kama unakuja siku uliyoambiwa. Wewe ulikuwa na mafundi, si unajua? Fundi akija Jumatatu akafanya kazi ya siku mbili, Jumanne asije, ungemwandika amekuja?"

Nisingemwandika. Nilimkata mtu mshahara kwa jambo hilo hilo, na yeye alikuwa amezika mama yake.

Nikabembeleza. Nilimwita mwanangu, ingawa tunalingana. Nilisema mambo ya viatu vyangu, ya mvua, ya mume, nikasema hata ya friji. Nyuma yangu mtu akasonya. Mwishowe karani, kwa kuchoka tu si kwa huruma, akatoa karatasi chini ya meza. Kuna fomu ya maelezo. Aliyeumia katika deni langu la zamani, yaani mdhamini aliyepoteza mali, aje mwenyewe dirishani, atie sahihi kwamba hana pingamizi nikisamehewa. Ziada yangu itarudishwa wiki ya nane. Mwisho ni Jumatatu saa kumi. Asipokuja, naanza upya kutoka ya kwanza, na doa linabaki kwenye kadi miaka mitano.

Nimelipa ya tisa. Mtu pekee anayeweza kuniokoa ni yule ambaye sijamtungia uzi kwenye sindano.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia jana asubuhi. Alikuwa anapiga mswaki. Alitema, akasukutua, akasema, "Jumatatu nina zamu." Nimefua mashuka yake yote, hayakauki na mvua hii, yamening'inia chumba kizima tunapishana nayo.

Jumatatu, 5 Mei

Saa tisa na robo hakuwa amefika. Nilikaa kwenye benchi la chama nikimchukia. Naandika kama ilivyokuwa: nilimchukia, nikasema moyoni hii ndiyo siku aliyoingojea, amefuga uungwana mwaka mzima ili leo anichinje nao.

Saa tisa na nusu aliingia, amelowa chapachapa, sare ya kazi imemganda mwilini. Alikuwa ametembea kutoka hospitali. Alipita mbele yangu bila kuniona, akaenda kusimama mwisho wa foleni ya watu wa amana. Nilimshika mkono nikamleta dirisha letu.

Karani alimsomea fomu. "Unathibitisha kwamba huna kinyongo wala pingamizi?"

"Pingamizi sina."

"Na kinyongo?"

"Hiyo fomu ina sehemu ya kinyongo?"

Karani akaangalia. "Haina."

"Basi andika pingamizi sina."

Akapewa kalamu. Akaiinamia ile karatasi mpaka pua ikagusa, akatia sahihi juu kabisa, kwenye nembo ya chama. Karani akasema, "Si hapo, mama." Akatia tena, mara hii kwenye mbao za meza. Niliuona wino kwenye mbao. Karani, yule yule wa kucha, akamshika kidole cha shahada akakiweka kwenye mstari, akakishikilia pale mpaka kalamu ikafuata. Kisha akahema juu ya muhuri akagonga, na hakunitazama.

Tulisimama barazani kungoja mvua ipungue.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"La kushoto tangu mwaka jana, kabla ya mnada. La kulia linafuata. Mtoto wa jicho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unalilia cherehani. Kutwa cherehani."

Akaniambia yote barazani pale, kwa sauti ya mtu anayekabidhi zamu. Upasuaji unafanyika kwao, lakini lenzi ananunua mgonjwa, na bei yake ni mishahara yake mitano. Kwenye kudunga sindano wameshamwondoa, baada ya kukaribia kumchoma mtoto dawa ya mtu mzima. Sasa anapanga kadi za wagonjwa, kadi ambazo hazisomi. Anazipanga kwa kubahatisha unene. Muuguzi mkuu amempa mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo atamwaga unga, na pensheni yake haijafika miaka inayotakiwa.

"Na zile barua?" nikasema. "Nisomee, nisomee?"

"Ulidhani nini?"

Sikumwambia nilidhani nini.

Jumanne, 6 Mei

Nimemtungia sindano kumi, nyuzi za rangi zote, nimezichomeka kwenye kipande cha sifongo. Nimeandika C kubwa kwenye kopo la chumvi, halafu nikakumbuka, nikalifunga kitambaa cha sufi alitambue kwa mkono.

Ijumaa, 9 Mei

Ya kumi. Karani ameuliza, "Dada yako hajambo?" Nikasema hajambo. Hakupitia hata matumizi.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimemwahidi. Chama kinakopesha wauguzi, mradi wawe na mdhamini mwenye jina safi. Wenzake kazini wameshadhaminiana wote, hakuna aliye huru. Nikamwambia, "Dada, barua yangu ikitoka tu, mimi ndiye nitakayesimama. Ulisimama kwangu ukapoteza nyumba. Zamu yangu."

Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya kweli. Yeye alipapasa meza akanisogezea kikombe. "Kunywa, inapoa."

Alhamisi, 15 Mei

Mzee wa Majora, mwenye lile duka la jumla la vitambaa nililokuwa nanunua zamani, amenisimamisha barabarani. Kuna bweni jipya la wanafunzi, madirisha sitini na manne. Nilichouliza kwanza ni vipimo. Yote sawa, mita moja na nusu, dirisha la kila mtu. Atanipa majora ishirini kwa mkopo nikileta barua safi kabla ya Juni. "Ukichelewa nampa Mkataji wako," akasema. "Naye ameomba."

Sikusikia ladha ya chakula jioni. Sitini na manne. Mwezi mmoja na nusu wa kazi, na nimerudi mtu.

Ijumaa, 16 Mei

Ya kumi na moja. Nilimuuliza karani kama jambo dogo tu, nikiwa nafunga mkoba: je, mtu mwenye barua safi anaweza kukopa na kumdhamini mwenzake kwa wakati mmoja?

"Barua ya kwanza inabeba mzigo mmoja, mama. Ukikopa, hudhamini. Ukidhamini, hukopi mpaka uliyemdhamini amalize."

"Muda gani?"

"Mkopo wa wauguzi? Miezi kumi na minane."

Jumapili, 18 Mei

Nimepiga hesabu zangu vizuri. Nikichukua majora sasa, kufikia Agosti nitakuwa na faida ya kumnunulia dada lenzi zote mbili taslimu, bila mkopo wala riba. Ni bora zaidi kwake. Kuhusu mwisho wa Juni, muuguzi mkuu ni binadamu, ataongeza. Mtu hafukuzwi tu hivi hivi baada ya miaka ishirini na mbili.

Nimeyasoma tena haya niliyoandika. Mimi nilifukuza wangapi hivi hivi?

Ijumaa, 23 Mei

Ya kumi na mbili. Haa, gonga. Barua ninayo. "Mwanachama huyu amethibitika kuwa wa kuaminika." Wamenirudishia laki mbili na arobaini pia. Karani ametoa mkono dirishani kunipongeza, kucha nyekundu mara hii, akasema, "Sasa niletee fomu ya dada yako, nitaipitisha haraka." Nikasema ahsante.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike kama ilivyokuwa.

Dada alileta fomu ya mkopo wa wauguzi asubuhi, ameikunja ndani ya plastiki isilowe. Akaketi kumenya viazi, anavimenya kwa vidole kuliko kwa kisu. Mimi nikakaa mezani nijaze. Nikaandika jina lake, umri, cheo, miaka kazini, sababu ya mkopo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa shule. Nikafika pale pa jina la mdhamini na sahihi.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilimwangalia. Kiazi kimoja alikuwa amekimenya mara mbili.

"Umeshaweka jina lako?" akauliza.

"Tayari," nikasema.

Nikaikunja fomu, nikairudisha kwenye plastiki yake, nikamwekea kwenye mkoba. Nilijiambia nitamweleza kesho.

Jumapili, 25 Mei

Mvua kutwa. Sikumweleza.

Jumatatu, 26 Mei

Aliomba ruhusa kazini akapanga foleni tangu saa mbili. Karani aliifungua fomu mbele ya watu. Haya nimeyapata baadaye kwa mtu wa foleni, si kwake. Anasema dada alibisha. Alimwambia karani, "Angalia vizuri mwanangu, mdogo wangu ametia sahihi, nilikuwepo." Karani akaangalia vizuri.

Aliporudi nyumbani alivua viatu kwanza, akavipanga.

"Karani anasema kuna mahali pamebaki wazi."

"Pamebaki wazi?"

"Nikamwambia labda kalamu iliisha wino."

"Labda," nikasema.

Akavisogeza viatu kando. "Labda," akasema.

Kulikuwa na kalamu mezani, inchi tatu kutoka mkono wangu. Hakunipa fomu wala hakunitaka niichukue. Alinipa dakika nzima, nadhani ilikuwa dakika nzima, kisha akaenda kulala na sare yake. Naona aibu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka, na bado kesho nitaenda kuacha kazi kwa Mkataji.

Jumatano, 28 Mei

Nimeaga. Nikamwomba Mkataji aniuzie mkasi wangu. Akasema elfu themanini. Nikamwambia aliununua arobaini, na sasa nina jina safi, anikopeshe nimlipe baada ya mwezi, nikamwonyesha barua. Aliisoma yote, akasifu muhuri.

"Madamu, hii inasema wewe unalipa. Basi lipa."

Nimelipa taslimu.

Alhamisi, 29 Mei

Tangu Jumatatu dada hajaniambia nimsomee chochote. Kuna barua ya mwenye nyumba mezani, haijafunguliwa. Jirani wa chumba cha tatu ndiye anayemwangalizia dawa.

Ijumaa, 30 Mei

Sina pa kulipa leo, miguu ikataka kwenda yenyewe.

Nilikuwa kwa Mzee wa Majora saa nne. Aliweka barua yangu chini ya kioo cha meza, akasema, "Barua huandikwa na karani. Nipe simu ya ndugu anayeishi na wewe." Nilikuwa na namba moja tu ya kutoa. Akapiga, akaweka sauti ya nje, vibarua wakiwa wamebeba majora wamesimama kusikiliza.

"Huyu mdogo wako nataka kumkopesha mzigo mkubwa. Analipa?"

Kulikuwa na kelele za hospitali, mtu anaita namba za wagonjwa. Nikajua sasa ananimaliza, na sikuwa na la kumlaumu. Nilishika ukingo wa meza.

"Analipa," dada akasema. "Tangu Machi amelipa zote."

"Na akishindwa?"

"Hashindwi. Huyo akishakitaka kitu, hashindwi."

Mzee akacheka, akaridhika kabisa. "Haya, ahsante mama." Akakata simu, akawaambia vibarua wapakie.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika. Majora ishirini yamejaa chumba mpaka mlangoni, harufu ya kitambaa kipya imetufukuzia harufu ya ukungu.

Dada alitoka kwenda zamu, mguu ukagonga jora. Akainama, akalipapasa kwa kiganja, kwenda na kurudi, kama anavyopapasa tumbo la mgonjwa.

"Pamba nzito hii. Rangi gani?"

"Kijani."

"Cha majani au cha chupa?"

"Cha chupa."

Akaitikia kwa kichwa. "Kitapendeza," akasema. "Yasogeze kidogo hapa mlangoni, jioni nisije nikajikwaa."

Nimeyasogeza. Nilipomsikia amefika barabarani nimechukua mkasi, nikakata pazia la dirisha la kwanza. Yamebaki madirisha sitini na matatu.